Jinsi ya kutengeneza panchi na dai zinazohimili vipigo: mwongozo kamili kwa karakana za Tabora na Kigoma

Panchi ni kifaa cha chuma kinachosukumwa kutoboa bapa, na dai ni kipande chenye tundu kinachokaa chini ya bapa kuipokea. Panchi nyingi zinazovunjika kwenye karakana zetu zina ugumu wa kutosha. Kinachokosekana ni ustahimilivu, yaani uwezo wa chuma kupokea kipigo cha ghafla bila kupasuka. Fundi anaona ncha imemeguka, anadhani chuma kilikuwa laini, anachukua kingine kigumu zaidi, nacho kinameguka mapema kuliko cha kwanza. Hasara hiyo inajirudia kwa waunda mikokoteni ya ng'ombe wa Tabora, kwa wachimbaji wadogo wa Nzega wanaochonga tindo zao wenyewe, na kwa mafundi wa Kigoma wanaotengeneza mashine za kukamua mawese na kubangua mise (kokwa za mchikichi). Inaniuma kwa sababu inazuilika, na kuizuia hakuhitaji kiwanda kikubwa.

Tutashika kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: panchi ya milimita 13 pamoja na dai yake, za kutoboa bapa la chuma laini lenye unene wa milimita 6. Hilo ndilo tundu la boliti ya M12, na kila muunda mkokoteni analihitaji kila siku. Ukiiweza hii, patasi ya chuma, tindo na kisu cha kukatia nondo vinafuata njia hiyohiyo.

Feleji gani, na kwa nini

Feleji za zana, yaani vyuma vigumu vya kutengenezea zana, zimegawanywa katika makundi, na kila kundi lina herufi yake. Kundi la S ni la feleji zilizoundwa kwa ajili ya vipigo. Inayotumika sana ni S7, ambayo kwa namba za Kijerumani ni 1.2357. Ina kaboni karibu asilimia 0.5, kromi kama asilimia 3.25 na molibdeni kama asilimia 1.4. Linganisha na D2, feleji maarufu ya kukatia bati: kaboni asilimia 1.5 na kromi asilimia 12. Kaboni na kromi zikiwa nyingi kiasi hicho, ndani ya chuma hujengeka chembe ngumu mno za kabaidi. Chembe hizo huzuia ncha isilike, lakini pembeni mwake ndipo ufa huanzia kipigo kinapoingia. S7 ina chembe hizo chache. Inalika mapema kuliko D2, na inavumilia vipigo ambavyo D2 haivumilii.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema feleji fulani ni bora kuliko zote. Kwa bati jembamba, vipande maelfu na presi iliyonyooka, chukua D2. Kwa bapa nene, nyundo, presi ya gurudumu zito, au presi ya jeki yenye fremu inayocheza, chukua S7. Ndugu zake ni S1, yenye tungsteni, ambayo jamaa yake wa karibu kwa namba za Kijerumani ni 1.2550, na S5, yenye silikoni nyingi. Zote mbili hukazwa (huchomwa motoni kisha hupozwa ili ziwe ngumu) kwa kuzamishwa kwenye oili. S7 hukazwa kwa kupoa hewani tu, na hiyo ni faida kubwa kwa karakana ndogo, kwa kuwa haipindi sana wala haipasuki kirahisi wakati wa kupoa.

Kabla ya kununua chochote, chunguza zana iliyovunjika

Usitupe vipande. Vifute, vipeleke juani, uangalie sehemu iliyovunjika.

Kama ncha imeviringika au imebonyea huku haijapasuka popote, chuma kilikuwa laini mno, ama kwa kutokazwa vizuri, ama kwa kutulizwa (kupashwa tena baada ya kukazwa, ili kisivunjike kirahisi) kwenye joto kubwa kupita kiasi. Kama ukingo umemeguka vipande vidogovidogo kama kucha, ugumu umezidi ustahimilivu, na hapo ndipo S7 inapoleta tofauti. Kama panchi imekatika pale shina nene linapokutana na ncha nyembamba, usikimbilie kulaumu chuma: tazama kona. Mara nyingi ni kona kali iliyokerezwa kwa kisu chenye ncha ya pembe, na nguvu yote ya kipigo imejikusanya hapo.

Kuna aina nyingine ambayo mafundi wengi huipita bila kuiona. Sehemu iliyovunjika inakuwa na eneo moja laini lililong'aa au lenye kutu ya zamani, na eneo jingine jipya lenye mikwaruzo. Ufa huo ulianza siku nyingi, ukakua kidogo kwa kila kipigo, hadi chuma kilichobaki kikashindwa. Ukifuatilia eneo la kale utafika mahali ulipoanzia: mkwaruzo wa jiwe la grainda uliopita kukata urefu wa panchi, au namba iliyogongwa kwa muhuri. Kwa sababu hiyo usigonge alama ya aina yoyote kwenye sehemu ya zana inayobeba nguvu.

Halafu tazama punje za ndani. Punje za feleji iliyokazwa sawasawa ni laini sana na rangi yake ni kijivu kilichofifia. Zikionekana kama sukari, zinameremeta, chuma kilichomwa kwa joto kubwa mno au kilikaa motoni muda mrefu mno. Chuma cha namna hiyo huvunjika hata kama ni S7 halali.

Kununua

Agiza kwa namba, siyo kwa maelezo kama "chuma kigumu cha panchi". Mwambie muuzaji wa Dar es Salaam S7 au 1.2357, iliyolainishwa kiwandani, na umwombe nakala ya cheti cha kiwanda kinachoonyesha viwango vya kaboni, kromi na molibdeni. Asiyeweza kukupa cheti anakuuzia rangi iliyopakwa mwishoni mwa nondo, na rangi hizo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda.

Kama nondo ina ngozi nyeusi ya moto, nunua iliyo nene kuliko unavyohitaji. Ngozi hiyo na chuma kilicho chini yake vimepoteza kaboni, na havikazi. Ondoa angalau milimita 2 kila upande. Kwa panchi yetu, yenye shina la milimita 22, nondo ya milimita 28 inatosha. Dai inahitaji kipande cha kipenyo cha milimita 50 na urefu wa milimita 25.

Hesabu ya nguvu na nafasi

Nguvu ya kutoboa ni mzingo wa tundu, mara unene wa bapa, mara nguvu ya kukatika ya chuma. Kwa chuma laini weka nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Mzingo wa tundu la milimita 13 ni karibu milimita 41. Zidisha kwa 6, kisha kwa 350: unapata nyutoni 86,000 hivi, takriban tani 8.7. Presi ya jeki ya tani 20 inaibeba vizuri. Ya tani 10 itakuwa ukingoni, maana panchi ikianza kulika nguvu inayohitajika hupanda.

Wengi hudhani presi ya jeki haina kipigo kwa sababu inasukuma polepole. Angalia kwa makini bapa linapokatika. Fremu ilikuwa imevutika, chuma kinaachia ghafla, presi yote inaruka na panchi inashtuka pamoja nayo. Mshtuko huo ndio unaomega ncha za panchi ngumu kupindukia.

Tundu la dai lazima lizidi panchi. Kwa chuma laini zidisha karibu asilimia 15 ya unene wa bapa kwenye kipenyo. Asilimia 15 ya milimita 6 ni 0.9, kwa hiyo dai iwe na tundu la milimita 13.9. Ukibana nafasi kwa kutaka tundu safi, nguvu inapanda, panchi inashikwa wakati wa kurudi, na ncha inapasuliwa kwa kuvutwa.

Kanuni moja zaidi: kipenyo cha panchi kisipungue unene wa bapa unalotoboa. Chini ya hapo keekee ni rafiki yako.

Kukereza

S7 iliyolainishwa inakerezeka kwa kisu cha kawaida cha mashine ya kukereza. Ncha ya milimita 13 iwe fupi, urefu wa milimita 20 inatosha, kwani kila milimita ya ziada ni nafasi ya panchi kupinda. Bega kati ya ncha na shina liwe na mviringo wa milimita 3 au zaidi. Noa kisu chako kwa mviringo huo kabla ya kuanza, usiache kuutengeneza mwishoni kwa msasa.

Acha milimita 0.3 ya ziada kwenye kipenyo. S7 hutanuka kidogo inapokazwa, kama milimita 1 kwa kila mita 1, na ngozi yake ya juu huenda ikapoteza kaboni motoni, hivyo utahitaji kusaga.

Kwenye dai, sehemu iliyonyooka ya tundu iwe na kina cha milimita 5 hivi, kisha chini yake panua hadi milimita 16 ili kipande kilichokatwa kidondoke. Vipande vikijipanga ndani ya dai vitaipasua, haijalishi ni feleji gani.

Kukaza kwa moto

Hapa ndipo zana inapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka.

Mhunzi aliyezoea chuma cha kaboni hutumia sumaku: chuma kikiacha kunasa, kiko tayari. Kwa S7 njia hiyo haifai. Sumaku huacha kunasa karibu nyuzi 770 za Selsiasi, wakati S7 inahitaji nyuzi 940 hadi 955. Ukiitoa mapema itapoa ikiwa nusu laini, nawe utadhani umeuziwa chuma bandia. Kwa macho ni rangi ya machungwa yenye kung'aa, lakini macho hudanganywa na mwanga wa jua. Nunua themokapo (kipimajoto cha nyaya kinachostahimili moto) ya aina K na kisomaji chake cha dijitali. Kisha uliza chuo cha ufundi cha VETA au ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako kama kuna tanuri la umeme unaloweza kulipia kwa saa chache. Tanuri la mkaa linawezekana pia, mradi joto lake lipimwe na lishikiliwe sawa.

Kinga ngozi ya chuma. Iweke panchi ndani ya bomba la chuma pamoja na kipande cha karatasi, kisha ziba ncha kwa udongo mfinyanzi bila kukandamiza sana, ili hewa inayotanuka ipate pa kutokea. Karatasi itaungua na kula oksijeni iliyomo. Bila kinga, S7 hupoteza kaboni kwenye ngozi na utapata panchi yenye koti laini.

Pandisha joto hadi nyuzi 650 au 700 kwanza, usubiri kipande chote kiwe na joto moja hadi katikati. Kisha panda hadi 945. Kwa unene wa milimita 25, kishikilie hapo dakika 30 hadi 45, ukihesabu tangu kipande chenyewe kilipofika kwenye joto hilo. Usiongeze joto "kidogo tu kwa usalama". Ziada hiyo ndiyo inayozaa punje nene.

Toa, iondoe kwenye bomba, iweke juu ya wavu wa chuma mahali pasipo na upepo mkali. Iache ipoe hewani. Vipande hadi unene wa milimita 60 hivi hukaza vizuri namna hii. Kwenye maji usiiweke kabisa, hata ukiona majirani wanafanya hivyo kwa springi, kwa maana itapasuka. Pia usiiweke kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu. Upande mmoja utapoa mbele ya mwingine, panchi ipinde.

Kutuliza

Ikifika kwenye joto ambalo unaweza kuishika kwa shida mkononi, karibu nyuzi 50 hadi 65, ipeleke moja kwa moja kwenye joto la kutuliza. Usiiache hadi kesho. Feleji iliyokazwa ikalala bila kutulizwa imejaa mvutano ndani, na hupasuka yenyewe usiku bila mtu kuigusa.

Kwa panchi yetu na dai yake, weka nyuzi 205 hadi 230 kwa saa 2 kamili. Iache ipoe hadi joto la kawaida, kisha rudia saa 2 nyingine. Mara ya pili siyo mapambo: sehemu ya chuma iliyobadilika wakati wa mara ya kwanza nayo inahitaji kutulizwa. Utapata ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell C. Kwa zana inayopigwa zaidi, kama patasi au tindo, panda hadi nyuzi 300 hivi, ugumu ushuke kuelekea 55. Kwa zana itakayogusa chuma cha moto, kama dai ya kufinyangia jembe, tuliza kwa nyuzi 500 au juu kidogo, kwa sababu zana iliyotulizwa kwa joto dogo italegea yenyewe ikipashwa na kazi.

Oveni ya umeme ya jikoni inafika nyuzi 230, na tanuri la mwoka mikate likishapoa kidogo pia linafaa. Ila usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe, weka themokapo yako pembeni ya kipande. Wala usitegemee rangi ya manjano na buluu juu ya chuma kama kwa chuma cha kaboni. Kromi huchelewesha rangi hizo, na S7 ikionekana ya manjano tayari imepita joto la manjano unalolijua.

Kama huna mashine ya kupima ugumu, tumia tupa mpya. Kwa ugumu wa 57, tupa itateleza na kukwaruza kwa shida kubwa. Ikikata na kutoa unga kwa urahisi, saga ngozi milimita 0.2 na ujaribu tena kabla ya kuhukumu. Huenda ni ngozi iliyopoteza kaboni tu.

Kusaga na kufunga kwenye presi

Saga taratibu, kwa maji, kwa kina kidogo kila mara. Alama ya buluu kwenye chuma inamaanisha umekitia moto upya, na chini ya alama hiyo mara nyingi kuna nyufa ndogo zisizoonekana. Mistari ya mwisho ya msasa ipite kwa urefu wa panchi. Mistari inayozunguka ncha ni mianzo ya nyufa.

Panchi na dai zikutane katikati kabisa. Weka karatasi nyembamba ya daftari juu ya dai, shusha panchi kwa mkono, tazama kama imekata mduara sawa pande zote. Upande usiokatwa una nafasi kubwa. Rekebisha kabla ya kuweka bapa. Hakikisha kuna sahani ya kushikilia bapa lisipande na panchi wakati wa kurudi. Vaa miwani ya kinga. Kipande cha feleji kilichomeguka kikiruka, jicho halina muda wa kufumba.

Usipopata S7: springi ya lori

Hii ndiyo njia ya wengi, na ina heshima yake. Majani ya springi za magari makubwa kwa kawaida ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, pamoja na kromi kidogo, au silikoni na manganizi. Aina yenye silikoni iko karibu kwa tabia na S5. Kwa tindo na patasi inafaa sana. Kwa panchi ya bapa nene itafanya kazi, ila uhai wake utakuwa mfupi.

Tatizo la springi kuukuu ni nyufa. Imepindishwa barabarani mara nyingi mno, na mara nyingi imeshaanza kufa ndani. Isugue iwe safi, ipake mafuta ya taa, isubiri nusu saa, ifute ikauke kabisa, halafu ipake chokaa au unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Kipande chenye mstari huo hakifai hata kwa nyundo ya kusagia mahindi. Epuka pia sehemu yenye tundu la boliti ya katikati.

Kwa springi, joto la kukaza ni nyuzi 830 hadi 860. Hapa sumaku inasaidia: ikiacha kunasa, panda kidogo zaidi. Zamisha kwenye oili iliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ukiinyoosha wima na kuisogeza juu na chini. Oili baridi ni nzito, haiondoi joto haraka. Tuliza mara moja, nyuzi 260 hadi 290 kwa tindo. Kichwa kinachopigwa na nyundo kiache laini, usikikaze kabisa. Kichwa kigumu kinapokutana na nyundo ngumu hutoa vipande vinavyoingia machoni. Kikichanua pembeni kwa kupigwa, saga kingo zilizochanua mara moja.

Kuitunza

Noa panchi ukingo unapoanza kung'aa na tundu kutoa ndevu ndefu, usisubiri imeguke. Saga uso tu, milimita 0.2 kwa wakati mmoja. Baada ya kunoa mara kadhaa, au baada ya kazi ndefu ya vipigo vizito, irudishe kwenye oveni saa 2 kwa joto lililo nyuzi 15 chini ya lile la kutuliza. Hiyo huondoa mvutano uliojikusanya bila kupunguza ugumu. Ili ukumbuke joto hilo, liandike kwa rangi ya mafuta juu ya shina pamoja na jina la feleji, na uandike upya kila rangi inapofutika.